Daftari la Joto la Cleopas Wangila

Cleopas Wangila hajaonja pombe ya aina yoyote tangu azaliwe, na kwa miaka kumi na moja kazi yake imekuwa kulinda mvinyo. Majirani zake wa Banda, kule karibu na Kyambogo anakoishi, humtania kwamba yeye ndiye fisi pekee aliyekabidhiwa bucha akala mchicha. Naye hucheka, kwa sababu utani huo una sifa ndani yake, na Cleopas hachukii sifa. Tusimwonee, nani anazichukia?

Ni Mbukusu wa Chwele, magharibi mwa Kenya, mtoto wa Kanisa la Marafiki, watu ambao hawanywi na wala hawali kiapo. Mama yake alimfundisha kwamba anayeapa amekiri kuwa ndiyo yake ya kwanza haikutosha. Alikuja Kampala kutafuta kazi yoyote ya halali, akapata ya kubeba katoni kwenye ghala lililo chini ya kilima cha Lubaga, na hapo ndipo alipokutana na Madamu Huguette.

Madamu Huguette ni mwanamke wa Butembo, mashariki mwa Kongo, aliyekimbia vita akiwa na masanduku mawili na Kifaransa chake. Alianza kwa kuziuzia parokia mvinyo wa misa, akaendelea hadi mahoteli. Lakini kitu anachojivunia hasa kimo kwenye chumba cha nyuma, chumba kisicho na dirisha, chenye kuta nene na mashine ya baridi inayonguruma mchana na usiku. Humo mna mvinyo mweupe wa Ufaransa unaoitwa Puits-Sourd, maana yake Kisima Kiziwi. Kwenye kilima unakotoka kuna kisima ambacho ukipiga kelele ndani yake, sauti hairudi.

Mvinyo huo hutengenezwa na familia moja tu, familia ya Gaudriot, na hiki ni kizazi cha nne. Zabibu huchumwa kwa mkono, na hawazichumi kwa siku moja. Hupita shambani mara tano, kila mara wakichagua zile tu zilizoiva sawasawa, nyingine zikiachwa zingoje zamu yake. Kwa hiyo chupa ni chache, na wao huwauzia watu wanaowapenda. Madamu Huguette aliwaandikia barua kwa miaka miwili kabla hawajampenda.

Kila mwaka, mzigo unapofika, huja pamoja na barua. Madamu huketi juu ya kreti, huvaa miwani, husoma kwa Kifaransa kimoyomoyo, kisha humwambia Cleopas kwa Kiswahili cha kwao. Hivyo ndivyo Cleopas alivyoijua familia ya Gaudriot. Alijua kuhusu baridi kali ya Aprili, walipowasha mioto ya majani makavu shambani ili vichipukizi visife. Alijua kuhusu nyonga ya Mzee Anselme. Alijua kwamba Mathieu, mwana wa pekee wa mzee, alipinduka na trekta mteremkoni akafa, na kwamba binti yake Mathieu, Solange, aliacha shule ya uhandisi akarudi kushika shamba. Mwaka huo Cleopas aliomba Madamu aandike pole yake pia. Aliwauliza habari zao kama anavyouliza habari za wakwe.

Nao walimjua. Madamu aliwaandikia kwamba mtunza ghala wake hanywi, ananusa tu, na kwamba akinusa chupa iliyoharibika kizibo husema inanuka gunia lililolowa, na hajawahi kukosea. Mzee Anselme alifurahi mno. Tangu hapo kila barua ilimalizika kwa salamu kwa "pua ya Kampala".

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mvinyo ule unataka nyuzi kumi na tatu za joto, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Ukutani kuna kipimajoto, chini yake kuna meza ndogo, na juu ya meza daftari. Asubuhi na jioni Cleopas husoma na kuandika. Jumapili husoma mara moja, akitoka kanisani. Kumi na tatu, kumi na tatu, kumi na tatu, kwa mwandiko wa mtu aliyesifiwa mwandiko akiwa darasa la nne. Kila mwisho wa mwezi Madamu hutia saini.

Mwezi wa pili mwaka huu, jua la Kampala likiwa limepamba moto, Cleopas aliitwa nyumbani. Binti wa dada yake alikuwa analipiwa mahari, na kwa Wabukusu mazungumzo hayo hayaanzi kabla mjomba hajakaa kwenye kiti chake. Ana ng'ombe wake katika mahari hiyo. Asipokuwepo, wakwe watakunywa chai hadi birika likauke na hakuna neno litakalosemwa.

Madamu Huguette alikuwa Nairobi kwenye maonyesho ya biashara. Kabla ya kuondoka alimwambia, "Papa Cleopas, funguo uachie Ocen. Umeme ikikatika, awashe jenereta."

Ocen ni mlinzi wa lango, mtu wa Lira, mpole, anayesalimia hata magari yanayopita tu. Cleopas aliitikia kwamba ataziacha. Na hakusahau, hapo ndipo penye ubaya wote. Jumamosi asubuhi alisimama langoni mkono ukiwa kwenye lile shada la funguo kiunoni, akamtazama Ocen akimtazama, na vidole vikakataa kulegea. Kwa miaka kumi na moja hakuna kiuno kingine kilichovaa funguo zile. Hata Madamu akitaka kuingia, husimama kando afunguliwe. Cleopas alijiambia kwamba siku mbili si kitu, akapanda basi nazo.

Umeme ulikatika mtaa mzima Jumamosi hiyo hiyo mchana. Jenereta ilikuwa kwenye kibanda chake, na kibanda kilikuwa na kufuli. Ocen alipiga simu mara kumi na moja, lakini laini ya Cleopas ya Uganda ilizimika alipovuka mpaka, na Cleopas mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha mjomba, amevalia koti, akibishania ng'ombe kwa raha zake zote.

Alirudi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, moja kwa moja kutoka kwenye basi. Ocen alimpokea langoni bila salamu.

"Boss, mimi napiga simu mara mingi, wewe hapana shika. Umeme naenda Jumamosi, mpaka sasa hapana rudi. Funguo hakuna."

Cleopas alikimbia. Chumba kile humpokea mtu kwa baridi ya shingoni, lakini asubuhi ile kilimpokea kwa pumzi ya jikoni. Alimulika kipimajoto kwa simu. Ishirini na sita. Alifuta kioo kwa kidole, akasoma tena. Ishirini na sita.

Aliwasha jenereta, akasimama mbele ya mashine ya baridi kana kwamba kusimama kwake kutaisaidia. Kufika saa nne joto lilikuwa limerudi kumi na tatu, chumba kimetulia, chupa zimelala kwenye rafu zake, mia mbili na arobaini, bila alama yoyote. Ndipo ujumbe ukaingia kwamba Madamu amekwishatua Entebbe na yuko njiani. Kwenye daftari kulikuwa na mistari mitatu mitupu: Jumamosi jioni, Jumapili, Jumatatu asubuhi.

Angeweza kuandika ukweli, maana umeme kukatika si kosa la mtu. Lakini swali lingefuata papo hapo, kwa nini Ocen hakuwasha jenereta? Na jibu la swali hilo lilikuwa linaning'inia kiunoni mwake. Aibu ya funguo ndiyo iliyomshika mkono, nasema kweli, joto halikuwa na neno. Aliandika kumi na tatu, akashuka mstari, akaandika kumi na tatu, akashuka, akaandika kumi na tatu. Mwandiko haukutetemeka hata kidogo, na hilo lilimtisha kuliko yote.

Madamu aliingia saa saba akiwa na uso wa sikukuu, simu mkononi.

"Papa Cleopas, kaa chini. Muzee Anselme anakuya. Yeye mwenyewe, na nyonga yake ile. Nyuma ya wiki tatu. Anasema anataka kuona fasi mvinyo yake inalala mbele afe."

Kisha akaeleza yaliyobaki. Familia ya Gaudriot haimpi mtu mvinyo wa mizabibu yao mizee, ile iliyopandwa na baba yake Anselme, kabla mmoja wao hajaliona ghala kwa macho. Mzee akiridhika, Kampala itapata chupa hizo, na hakuna mji mwingine upande huu wenye nazo. Asiporidhika, humnyima mtu hata zile za kawaida. Walishamfanyia hivyo mfanyabiashara mmoja wa mji mwingine, naye alikuwa amewatumikia miaka ishirini.

"Lakini sisi tunaogopa nini?" alisema Madamu. "Tuko na weye."

Tangu siku hiyo Cleopas hakuwa na amani. Aliingia chumbani mara kumi kwa siku, akachukua chupa moja moja, akazimulika kwa tochi, akatafuta asichokijua. Rangi ilikuwa ile ile ya asali iliyotiwa maji mengi. Alipitisha kidole gumba juu ya kila kifuniko kuona kama kizibo kimesukumwa na joto, na kwenye rafu ya tatu alipata kimoja kilichoinuka kwa unene wa ukucha. Labda kilikuwa hivyo tangu Ufaransa. Labda sivyo. Hakujua, na njia ya kujua ilikuwa moja tu, kufungua chupa na kuonja, jambo ambalo hangeweza kwa sababu mbili: chupa zilikuwa na hesabu, na yeye hakuwa na ulimi wa kazi hiyo. Aliisukuma chupa hiyo nyuma ya rafu.

Ocen naye alimzidishia. Kila Cleopas akipita langoni, Ocen aliinamisha kichwa na kunong'ona, "Boss, mimi hapana ona kitu." Alisema kwa wema. Kila mara Cleopas alihisi kama amepigwa ngumi ya mbavu.

Wiki ya pili alimweleza mke wake. Nabalayo ni mpishi kwenye hosteli ya wanafunzi huko Kyambogo, mwanamke asiyepoteza maneno. Alimsikiliza huku akichambua mboga.

"Baba Whitney, mvinyo haina mdomo," alisema. "Mwenye mdomo ni wewe, na unaweza kuufunga."

"Na kama imeharibika, mama?"

"Hao watu wanakula maziwa yaliyoota ukungu wakisifu. Watajuaje?" Kisha akaacha kuchambua. "Whitney amebakisha mwaka mmoja amalize unesi. Nakuomba. Nyamaza tu."

Hakuwa amewahi kumwomba kitu kwa sauti ile, na Cleopas aliahidi kunyamaza.

Mzee Anselme Gaudriot alifika Alhamisi, saa nne asubuhi. Cleopas alikuwa amejiandaa kumpokea bwana mkubwa wa suti, na aliyeshuka garini alikuwa mkulima. Alikuwa mrefu, ameinama upande wa nyonga, ana fimbo, na mikono iliyopasuka na yenye mistari myeusi ya udongo usiotoka hata kwa sabuni. Mikono kama hiyo ipo Chwele kila boma. Alimtazama Cleopas, akajigusa pua kwa kidole, akacheka, akamkumbatia.

Kisha akatoa picha mfukoni, watu wanne wamesimama kati ya mizabibu. Madamu alianza kutafsiri ni nani na nani, lakini Cleopas alikuwa amekwishaweka kidole. "Huyu Solange. Huyu mama yake. Huyu mzee mwenyewe kabla ya nyonga. Na huyu," akasita, "huyu ni Mathieu."

Mzee hakuhitaji tafsiri, alikuwa amesikia majina. Alimshika Cleopas bega na hakuliachia mpaka walipofika mlangoni mwa chumba. Cleopas alitembea chini ya mkono ule akitamani sakafu ya saruji ipasuke immeze.

Ndani, mzee alisimama kwanza akisikiliza mashine ya baridi. Alisoma kipimajoto. Aliomba daftari, akavaa miwani, akaanza kufunua kurasa akishusha kidole kwenye safu ya namba, mwaka baada ya mwaka, akitabasamu kama anayesoma barua. Alifika mwezi wa kwanza. Akafunua. Mwezi wa pili. Kidole kilishuka, kikapita Jumamosi ile, kikapita Jumapili, kikapita Jumatatu, hakikusita. Alilirudisha daftari mezani, akasema jambo lililomfanya Madamu ang'ae uso mzima.

"Anasema hata ku kwabo hakuna daftari safi namna hii. Anasema ile ya mizabibu mizee, tutapata."

Basi imekwisha, Cleopas akajiambia. Nafuu hiyo ilidumu kiasi cha pumzi mbili. Kwa sababu mzee alikuwa ameanza kupitisha kidole gumba juu ya vifuniko, rafu ya kwanza, rafu ya pili, vile vile alivyofanya yeye. Kwenye rafu ya tatu mkono uliingia mpaka nyuma. Ulikaa huko. Ulipotoka, ulikuwa na chupa ile.

Mzee aliiweka mezani karibu na daftari, akatoa kifungulio chake mfukoni, akavuta kizibo taratibu. Madamu akaeleza, kwa sauti ya ibada, kwamba ni desturi ya familia. Wakifungua chupa kwenye ghala la mtu, glasi ya kwanza hapewi tajiri, hupewa mtunza ghala, maana ndiye aliyelala na mvinyo. Hata Chwele mpika busaa, pombe ya nafaka, huonja mbele ya wageni wake, ili wajue hakuna alichotia. Cleopas aliijua desturi hiyo kabla hajajua kusoma.

Mzee alimpa glasi na kujigusa pua. Cleopas aliinamisha uso. Miaka yote hiyo, akiinamisha uso juu ya mvinyo ule, alipata nta ya nyuki, pera lililoiva, jiwe lililonyeshewa na mvua ya kwanza. Alivuta pumzi na hakupata kitu. Akavuta tena. Pua ilikuwa imekufa kwa hofu. Alimwona mzee akingoja, na uso wake ulikuwa umejaa imani, imani kamili, ya mtu aliyesafiri na nyonga mbovu kuja kumwona. Hapo Cleopas akashindwa. Ahadi aliyompa Nabalayo aliikumbuka vizuri sana, na bado akashindwa.

"Madamu, mwambie asinywe kwanza," alisema. "Mwambie mwezi wa pili umeme ulikatika siku mbili. Mimi nilisafiri na funguo, ulizoniambia nimwachie Ocen. Chumba kilifika ishirini na sita. Nikaandika kumi na tatu. Hizo tatu ni uongo."

Shingo ya Madamu Huguette ilisimama mishipa. Kisha akamgeukia mzee, akaweka tabasamu, akaanza kusema Kifaransa laini kisicho na kona.

Cleopas hajui Kifaransa. Ila namba anazijua, kwa sababu Madamu mwenyewe alimfundisha mwaka wa kwanza wakihesabu katoni pamoja. Alisikia *treize*, kumi na tatu. Aliingoja *vingt-six*, ishirini na sita, mpaka sentensi ikaisha. Haikuja. Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika, na kunyoosha mkono apokee glasi.

Cleopas aliiweka glasi chini. Alifungua daftari kwenye mwezi wa pili, akachukua kalamu, akaikata kumi na tatu ya Jumatatu asubuhi kwa mstari mmoja, akaandika pembeni 26. Kwenye Jumamosi na Jumapili alikata tu, akaacha, kwa sababu hakuwepo kuona. Kisha akaligeuza daftari limwelekee mzee. Namba hazihitaji mkalimani.

Mashine ya baridi ilinguruma. Mzee alisoma. Alimtazama Madamu, ambaye sasa alikuwa anatazama sakafu, akarudi kusoma. Aliketi kwenye kreti, mguu mbovu umenyooka mbele, akaichukua ile glasi, akanusa, akanywa, akaushikilia mvinyo mdomoni muda mrefu huku amefumba macho. Alipomeza, alisema maneno machache. Madamu aliyatafsiri bila kuinua kichwa, na safari hii Cleopas alijua anatafsiri yote.

"Anasema amechoka. Mvinyo. Amechoka, lakini hajakufa. Hizi zote tusiuzishe. Zilale mwaka muzima, Solange atakuya kuonja. Mpaka ile siku, hatatutumia ingine. Na ile ya mizabibu mizee, tusahau kama alisema."

Cleopas aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amejitayarisha kwa mabaya zaidi ya hayo. Mzee aliendelea kusema, polepole, kidole kikigonga meza.

"Anasema ku daftari ya kwabo kuko siku ine za bule. Siku Mathieu alikufa, hakuna mutu alishuka kule chini kuangalia. Aliziacha vile, wazi, na mpaka leo ziko wazi. Anauliza, juu ya nini weye haukuacha wazi?"

Cleopas alitafuta jibu, na kilichokuja ni funguo, kiti cha mjomba, sifa za watu wa Banda, na hakuna hata kimoja kinachoweza kusemwa mbele ya mtu aliyefiwa.

Mzee hakumngoja. Alikusanya kurasa za daftari kwa gumba, zote, kutoka mwanzo, akaziachia zidondoke moja moja kwa kasi, namba zikipita. Akauliza swali fupi.

"Anauliza hizi zingine," Madamu alisema. "Kumi na tatu zote hizi za miaka kumi na moja. Ni za kweli?"

"Ndiyo," Cleopas alisema.

Mzee alimtazama, akingoja.

"Anangojea," Madamu alisema.

"Nimesema ndiyo, Madamu. Sina neno lingine."

Na kweli hakuwa nalo. Zilikuwa maelfu ya kumi na tatu, kila moja imesomwa kwa macho yake na kuandikwa kwa mkono wake, na ni za kweli zote, naapa mimi nisiye wa kanisa lake. Lakini aliziandika peke yake. Alihakikisha hivyo. Hakuna mtu aliyewahi kuruhusiwa kusimama karibu naye hata mara moja, aweze kusema, hii niliiona. Mzee alilifunga daftari taratibu, akainuka, akampa mkono. Mkono ulikuwa wa moto na mkavu. Hakujigusa pua.

Jioni Madamu alirudi kutoka kumpeleka mgeni hotelini. Cleopas alikuwa bado amekaa kwenye kreti, funguo mezani mbele yake, ameshazitoa kiunoni.

"Umenivua nguo mbele ya mugeni," Madamu alisema. Hakupaza sauti. Aliketi kwenye kreti ya pili, akavua viatu. "Na miye nilimudanganya, na anajua. Mu gari hakusema kitu. Hata bonsoir ya kuagana, hakusema."

"Nisamehe, Madamu."

"Unajua kila mwezi niko nasaini ile daftari?" Alijisugua nyayo. "Sijasoma hata siku moja. Sina haya kusema. Sijasoma hata ukurasa moja, juu ilikuwa weye."

Cleopas alilia. Alilia kama mwanamume anavyolia mbele ya mwanamke asiye mke wake, uso umegeuziwa ukuta. Madamu hakumkataza. Baadaye alivaa viatu, akazisukuma funguo zimrudie, akatoka. Hakusema aje kesho wala asije.

Nyumbani, Nabalayo alijua kabla hajasema. Alimwekea chakula, akaketi kumtazama akishindwa kula, na hakumlaumu hata kwa neno moja, jambo lililokuwa zito kuliko lawama.

Ijumaa saa moja asubuhi Cleopas alikuwa langoni. Ocen alimfungulia na kuinamisha kichwa tayari kusema yale yake ya kila siku, lakini Cleopas alimtangulia.

"Ocen, funga lango. Twende wote."

"Mimi? Ndani?"

"Wewe."

Ocen alikuwa amelilinda ghala lile miaka sita na hakuwahi kuvuka mlango wa chumba cha nyuma. Aliingia akiwa ameshika kofia mkononi, mabega yamepanda kwa baridi, akazitazama chupa zilizolala kana kwamba amekuta watu. Cleopas alisimama mbali na kipimajoto, mgongo ukutani, mikono nyuma.

"Soma pale. Inasema ngapi?"

Ocen alisogeza uso karibu na kioo. Alichukua muda wake. "Kumi na tatu, boss."

Cleopas alimpa kalamu.